Ndege ya Serikali Chini ya Kasigau

Wanawake wenzangu pale Rukanga walilalamika kwamba waume zao wanapenda pombe, au wanapenda wanawake. Wangu alipenda ndege. Nasema ndege ya vita, ya chuma na mbao na kitambaa, si kanga wala kwale. Kila baada ya mavuno alikata nyasi, akazifunga matita, akazibeba begani hadi uwandani kuezeka banda la ile ndege. Na nyumba yetu je? Ilivuja. Mvua za vuli zikianza, mimi nilihamisha kitanda kutoka pembe hii kwenda pembe ile, watoto wamekunja miguu, na ndege ya serikali imelala pakavu. Nikimgombeza ananijibu polepole kwamba nyumba ikianguka tutajenga nyingine. Haki ya Mungu, kuna siku nilitamani moto.

Niseme ilivyofika. Wakati wa vita vya Hitla ndege za jeshi zilipita juu yetu mara kwa mara, na sisi tulishazizoea, hata mbuzi walishazizoea. Siku moja ikapita moja ya mabawa mawili, bawa juu ya bawa, inakohoa. Ikazunguka mlima wetu wa Kasigau, ikashuka uwandani, ikarukaruka kwenye vichaka na kusimama pua yake imeingia mgungani. Mume wangu alikuwa huko akitafuta mbuzi aliyepotea, kwa hiyo alifika kwanza. Alimtoa rubani, kijana mwekundu mwenye mkono uliovunjika, akamfunga mkono kwa vijiti na leso yangu mpya. Rubani alichukuliwa na lori la jeshi pamoja na leso. Sikuiona tena.

Aliyekuja na lori hilo alikuwa ofisa mmoja mwenye haraka. Aliizunguka ndege, akatukusanya sisi tuliokuwa pale, akasema kupitia askari wake kwamba hii ni mali ya serikali, watairudia, na kikipotea kitu hata kimoja tutajibu sote, kijiji kizima. Kisha akapanda lori, akaenda zake. Sidhani alifika Maungu akiwa bado anakumbuka sura ya mtu yeyote.

Kwa mtu wa kwingine hayo ni maneno tu. Kwa mtu wa Kasigau hayakuwa maneno tu. Katika vita vya kwanza, vya Mjerumani, mume wangu akiwa mtoto mdogo, Wajerumani walivuka mpaka wakaushika mlima wetu. Serikali ikasema watu wa Kasigau ndio waliowaonyesha njia. Wakachukuliwa wote, wazee kwa wanaonyonya, wakapelekwa mbali na kwao, hadi Malindi, sehemu kwa miguu. Homa ikawamaliza wengi, na waliobaki walirudishwa baadaye sana. Mama yake mume wangu alikuwa amemshika yeye mkono na kumbeba mdogo wake mgongoni, na mahali fulani njiani alikaa chini, asiinuke tena. Askari akamwambia mtoto atembee. Akatembea. Mpaka anakuwa mzee hakujua mama yake alizikwa na nani, au kama alizikwa.

Kwa hiyo serikali kwake ilikuwa mtu asiyesahau. Ukimkosea leo, au akidhani umemkosea, amekuandika mahali, na siku yake itafika. Ndiyo maana alijenga lile banda, akalizungushia boma la miiba ili tembo wasijisugue kwenye mabawa. Alimwaga majivu chini ya magurudumu kuzuia mchwa. Alipaka vyuma mafuta ya nyonyo, yale yale niliyoyakamua kwa ajili ya nywele za watoto. Jumapili baada ya kanisa alikwenda kukagua, akigusa kila kitu kimoja kimoja, namna watu wanavyohesabu mbuzi jioni. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuja na lori lao kutoka Mombasa, wakamsifu, wakambembeleza. Aliwapokea na upinde mkononi. "Hii ina mwenyewe," akawaambia. Wakamcheka, lakini waliondoka.

Mwenyewe hakuja. Vita vikaisha, watoto wakakua, mwenyewe hakuja.

Mimi nami nilikuwa na jambo langu. Nilisuka vikapu vya mkonge, nikavipeleka Voi, na kila nilipopata nilinunua bati moja. Moja moja hivyo, mwaka hadi mwaka. Niliyaweka chini ya kitanda. Wakati mwingine nikiwa peke yangu niliyagonga kwa kidole nisikie mlio wake, nikacheka kama chizi. Yalikuwa yanakaribia kutosha paa zima. Watoto waliyajua kama mabati ya mama, na ole wake aliyeweka kikombe juu yake.

Halafu ikaja miaka ile ya hali ya hatari. Kwetu hakukuwa na mapigano, lakini Manyani haiko mbali na Voi, na huko ndiko walikofungiwa watu wa bara waliokamatwa. Siku moja nikiwa Voi na vikapu vyangu niliona malori yakipita, yamejaa wanaume waliochuchumaa na mikono kichwani, askari wamesimama juu yao. Nilirudi nyumbani nikasimulia, mdomo wangu huu. Mume wangu aliacha chakula. Tangu siku hiyo hakungoja Jumapili tena. Kila asubuhi kabla ya shamba alikwenda kwa ndege, na akirudi nilijua kwa kumtazama tu kwamba amelala vibaya.

Habari zilipokuja zililetwa na mjumbe wa chifu. Alituambia kuna mzungu mmoja, fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge upande wa Mwatate, ambaye ameitafuta ndege hiyo muda mrefu. Ndege za aina ile zilikuwa karibu kwisha duniani, na huyu bwana alikuwa ameomba ruhusa aichukue, itengenezwe, iwekwe mahali pa kuhifadhia vitu vya kale ili watu waitazame. Serikali imemkubalia. Anakuja wiki ijayo na lori, na watu wote wawepo.

Nilipiga vigelegele. Nasema kweli, nilipiga vigelegele nikacheza pale uani mpaka mjumbe akaona haya. Mume wangu alivaa viatu, akaenda kukagua mara ya mwisho, kila kitu mpaka uvunguni, ili siku ya kukabidhi asiaibike.

Alirudi uso umempauka. Akakaa kwenye kigoda, akasema gurudumu la nyuma halipo.

Ndege ile ilikuwa na magurudumu mawili mbele na dogo moja chini ya mkia. Nyasi zilikuwa zimeota pale nyuma zikalificha. Mwizi alilitoa, akaweka jiwe la ukubwa ule ule, mkia ukakaa kama ulivyokuwa unakaa siku zote. Mume wangu aligusa mkia kila asubuhi na mkia ulikuwepo.

Nikauliza ni nani basi. Akanitazama tu. Nikafikiri, nikahesabu wageni tuliokuwa nao tangu kiangazi, na wote walikuwa mmoja: kaka yangu, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyekuja kutusalimu kutoka Taveta. Alikuwa amelala kwetu, amekula kuku wetu, na muda wote alizungumza habari za toroli anayotaka kuunda ili abebe ndizi sokoni. Nikakumbuka alivyosifu ndege. Lo! Nilimtukana kaka yangu matusi ambayo sitayarudia hapa, na mama yetu nikamwomba msamaha huko aliko.

Tulipata lori la kuni hadi Voi, na kutoka Voi tukapanda gari la moshi la Taveta. Mtoto wetu wa mwisho nilikuwa naye, bado ananyonya. Behewa lilijaa watu wa mashamba ya mkonge, Wajaluo na Wakamba na wengineo, wanapiga soga, wanagawana mihogo. Mume wangu alikaa dirishani akitazama nje, na mimi bado nilikuwa nachemka, nasema nikimkamata yule mwanaharamu nitamfanya hivi na vile. Ghafla akanigusa goti.

"Mama watoto," akasema, "siku wakija kututoa, huyu mdogo usimbebe mgongoni. Mbebe mbele, umwone. Mama alimbeba mdogo wetu mgongoni. Hakujua amekufa saa ngapi."

Tulikuwa tumeishi pamoja miaka yote hiyo na hakuwahi kuniambia hilo. Nilijua mama yake alifia njiani. La mtoto sikulijua. Niliacha kutukana. Nilimtoa mwanangu mgongoni pale pale, nikampakata, na sikumrudisha mgongoni mpaka tulipofika. Hofu ikaniingia mimi pia, hofu hasa. Kabla ya hapo nilidhani naogopa kwa ajili yake.

Kaka yangu tulimkuta sokoni Taveta, kwenye ndizi. Hakuwa amejificha. Alikuwa anasukuma toroli yake anapita katikati ya watu akipiga mluzi, na mbele ya toroli, jeusi, nono, ni gurudumu la serikali. Alifurahi kutuona, masikini. Kwanza akacheka. Tulipomwambia akakana, kisha akaacha kukana, akamuuliza mume wangu kwa sauti ya upole kabisa, "Shemeji, ndege isiyoruka inataka gurudumu la nini?"

Mume wangu alimweleza. Kaka akasikiliza, akasema hayo ni mambo ya zamani, serikali ya siku hizi haina habari na sisi. Akatuonyesha toroli. Mkewe alikuwa amejifungua karibuni, yeye mwenyewe ameachishwa kazi ya shamba, hiyo toroli ndiyo sahani yao. Akitoa gurudumu watakula nini? Hasira zangu zote za njiani, nilipozitafuta pale, sikuzipata.

Ndipo mume wangu akapiga magoti. Mbele ya watu, sokoni, kwenye maganda ya ndizi, mtu mzima akampigia magoti kijana, mdogo wa mkewe. Kwetu shemeji mkubwa hufanyiwa heshima, hafanyi yeye. Kaka akashtuka, akamshika mabega, "Inuka shemeji, inuka, watu wanatuona." Hakuinuka. Wanawake wa ndizi wakageuka kututazama mmoja baada ya mwingine, na mimi nimesimama pale na mtoto kifuani, sijui nijifiche wapi.

Nikasema, "Chukua mabati yangu."

Kaka yangu aliyajua yale mabati. Nani katika ukoo wetu hakuyajua? Akaniuliza yote? Nikamwambia yote, aje ayachukue, auze au aezeke, akipata mtaji anunue toroli nzima yenye magurudumu ya kwake. Nilisema haraka haraka ili nisijisikie. Iliniuma. Mpaka leo ninavyokusimulia inaniuma, nisiseme uongo kwamba nilitoa kwa moyo mweupe. Nilitoa kwa sababu mume wangu alikuwa chini na nilitaka ainuke.

Tukarudi na gurudumu ndani ya kikapu changu, juu yake ndizi alizotupatia kaka, kwa aibu. Mpira ulikuwa umelika upande mmoja. Mume wangu aliupaka mafuta, akausugua kwa majivu na maji mpaka ukang'aa, na asubuhi ya siku yenyewe alilala chali chini ya mkia akalifunga gurudumu mahali pake. Akanipa nimshikie ufunguo wa nati, mimi niliyekuwa nikiombea ndege ile moto.

Walipofika, Rukanga nzima ilikuwa uwandani. Wazee walisimama mbele. Nyuma yao niliona kina mama kadhaa wamefunga mizigo, sufuria na blanketi ndani ya leso, wameiweka karibu na miguu. Hakuna aliyewaambia wafunge. Waliokwenda Malindi wakiwa watoto walikuwa bado hai, na watoto wao walikuwa wamesikia.

Mzungu aliteremka, mtu mrefu, shati lake lina madoa ya grisi. Vibarua wake wakaondoa miiba, wakatoa nyasi za paa, na ndege ikatokea. Yule bwana akavua kofia. Akaenda polepole, akaweka kiganja juu ya bawa, akakiacha hapo. Akazunguka upande wa pili, akachungulia kiti cha rubani, akagusa visaa vyake vya kioo vya kupimia, vyote vipo, hakuna kilichopasuka. Kisha akakaa chini vumbini, mzungu mzima, akajifuta macho kwa ile kofia. Sikuwa nimewahi kuona mzungu akilia, na nitasema ukweli, nilimpenda kidogo.

Mume wangu alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alimfuata nyuma akimwonyesha: hii hapa, hii hapa, hii nayo hii hapa. Mzungu aliitikia ndiyo, ndiyo, lakini hakuwa anahesabu. Alikuwa akipapasa tu. Vibarua wakafungua mabawa kwa uangalifu, wakayafunga kwa magunia, wakainua tumbo la ndege kwa kamba na magogo wakalipandisha lorini. Kazi ilichukua karibu mchana wote. Lori lilipokuwa tayari, mume wangu alimwendea yule bwana, akamwomba jambo moja. Amwambie mbele ya watu hawa wote kwamba mali ya serikali imekabidhiwa na hakuna kilichopungua.

Mzungu alijua Kiswahili cha mashambani, kinachotosha. Alitabasamu, akamshika bega.

"Mzee, usiwe na hofu," akasema. "Hakuna mtu aliyekuwa anaiuliza. Ilipoanguka tu waliifuta kwenye vitabu vyao. Ndege imevunjika, imekwisha, basi. Mimi nimehangaika sana kupata mtu huko serikalini anayejua kwamba ipo. Ungechukua chochote hapa, nani angejua? Hata gurudumu hili dogo, ningetafuta jingine."

Alisema kwa wema. Alidhani anampa zawadi. Na kwa wengine ilikuwa zawadi kweli: watu walishusha pumzi, wazee wakaanza kucheka, mama mmoja akafungua mzigo wake akatoa kikombe ampe mtoto maji. Mimi niliposikia la gurudumu niliyaona mabati yangu yote mbele ya macho. Lakini nilimtazama mume wangu, nikidhani atacheka, au atamrukia mtu.

"Waliifuta?" akauliza.

Mzungu akasema ndiyo.

"Ndege nzima hii?"

"Nzima."

"Basi mama yangu wamemwandika wapi?"

Yule bwana hakuelewa. Akauliza mama gani, akanitazama mimi, akamtazama dereva wake, naye dereva akainamisha kichwa akajifanya anakagua kamba. Mzee mmoja akafungua mdomo aeleze, akaufunga. Ungeanzia wapi? Mwishowe mzungu akamshika mume wangu mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia wataitunza sana, itakaa ndani ya nyumba nzuri, watu watakuja kuiona. Akapanda. Lori likaondoka polepole kwa sababu ya mabawa, na watu wakalifuata hadi njia kubwa. Mume wangu hakulifuata.

Nilikaa naye kwenye nyasi zilizotupwa. Nilitaka kumwambia kwamba sasa tuko huru, kwamba hakuna anayetutafuta. Nikaona kwamba hilo ndilo lililomvunja. Miaka yote alikuwa akiogopa mtu asiyesahau, na ndani ya hofu hiyo aliweka tumaini kwamba basi mahali fulani, kwa mtu huyo, mama yake yupo, jina lake na mahali alipoanguka.

Kabla ya jua kuzama kaka yake mkubwa, mtoto wa baba yake mkubwa, alikuja nyumbani na kibuyu cha maji ya miwa. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, lakini jambo hili hata wa kanisa walilifanya, na wengine wanalifanya bado. Sisi Wataita tunaliita kutasa. Mtu mwenye hasira au uchungu moyoni hapaswi kuuacha humo, kwani ukikaa utaleta ugonjwa nyumbani. Anapiga funda moja, anayapuliza nje yale maji kwa nguvu, na kila mara anasema uchungu huu utoke, watu hawa wapone, mvua inyeshe. Akiisha kupuliza, wote mliokaa naye mko salama.

Tulikaa uani, mimi na watoto na shemeji. Mume wangu akapokea kibuyu, akapiga funda. Tukangoja. Mashavu yake yalikuwa yamejaa na macho yake yako kwenye mlima. Kaka yake akamwambia kwa sauti ya chini, "Toa, ndugu yangu." Watoto waliacha kuchezacheza.

Akameza. Akamrudishia kaka yake kibuyu, akaniuliza kama maharage yameiva.